Vidonge vya Bi Ulimi

Kiwandani walimwita Bi Ulimi, na mgeni akilisikia jina hilo alidhani mwanamke huyu ni mmbeya wa kupigiwa mfano. Wala. Alikuwa mtu wa maneno machache, tena ya chini chini. Ulimi wake ulisifiwa kwa jambo jingine kabisa: ulikuwa unaujua mtindi. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla mashine ya kufungasha haijawashwa, alipita kwenye mapipa kumi na manane ya chuma yaliyojaa maziwa yaliyoganda tangu jana, akachota kijiko kikubwa cha kila pipa, akaonja, akatamka neno moja kati ya matatu: "Tayari," "Bado," au "Mwaga." Meneja mwenyewe, mtu wa kujisikia kwelikweli, akiambiwa mwaga alimwaga.

Kazi hiyo alifundishwa na mwonjaji aliyemtangulia, mama mmoja mkali aliyekuwa akiwagonga vidole wanafunzi wake kwa kijiko. Waonjaji wa viwanda vingine huonja wakatema kwenye ndoo. Mama huyu alikataza. Alisema uchachu wa mwanzo hukaa kwenye ncha ya ulimi, lakini uchachu wa mwisho, ule utakaomfikia mnunuzi kesho kutwa, hukaa kooni, na anayetema hataujua mpaka watu waanze kurudisha pakiti. Basi Bi Ulimi alimeza. Vijiko kumi na vinane, siku sita kwa wiki, miaka tisa. Kati ya pipa na pipa alisukutua kwa maji ya vuguvugu, akaendelea. Kwake hayo hayakuwa kula. Kula ni kukaa chini. Kula ni saa nne, king'ora kikilia, watu wakifungua vyombo vyao kwenye benchi la nyuma na kuchungulia mwenzao kabeba nini. Ya alfajiri ilikuwa kazi tu. Fundi cherehani hulamba uzi autie sindanoni, na hakuna anayesema fundi amekula uzi.

Alikuwa na mimba ya tatu na hakuwa na mtoto.

Ya kwanza ilitoka wiki ya tisa, kabla hajapata hata wa kumnong'oneza. Baada ya hiyo daktari alimshikashika shingo, akamtoa damu, akamwambia tezi yake ya shingoni ni mvivu. Ilitakiwa itengeneze homoni za kutosha, yenyewe inatengeneza za kubahatisha. Ndiyo maana alikuwa akivaa sweta watu wakijipepea, ndiyo maana kitana kilijaa nywele na usingizi ulimfuata mpaka kazini. Na mtoto, alisema daktari, miezi ya mwanzo hana homoni zake, anaazima za mama. Akiazima asipate, ama haishi tumboni, ama anazaliwa na akili nzito. Akampa vidonge vidogo vyeupe: kila asubuhi, tumbo tupu, kwa maji matupu, usile chochote mpaka ipite saa nzima.

Mimba ya pili alikuwa na vidonge. Ilitoka wiki ya kumi na saba. Alikuwa mvulana, tayari ana vidole. Daktari alisoma kipimo cha damu, akamtazama kitandani pale alipolala, akasema, "Mama, hukuwa ukitumia dawa." Alisema kwa upole. Kliniki ile kila mjamzito aliitwa mama, hata yule aliyekuwa anatoka mikono mitupu.

Aliapa kwamba alimeza. Akaapa tena nyumbani. Mumewe alikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni, mtu ambaye ungemwamsha usingizini akakuambia shule ina mablanketi mangapi na mangapi yametoboka. Alichukua kichupa, akamwaga vidonge kitandani, akavipanga kumi kumi. Hesabu ilikuwa sawasawa. Mwanamume mwingine angeridhika. Huyu, kwa uzoefu wake wa stoo, alijua kwamba hesabu ikiwa safi mno lazima kuna mtu mjanja.

"Kama hukuvimeza, ulikuwa unavitupa," alisema.

"Nitupe kwa faida gani?"

"Mimi nitajuaje? Mimi nahesabu tu."

Mara hii ya tatu Bi Ulimi alijua mapema, maana pua yake ilianza uchokozi: aliweza kumtambua mtu kwa sabuni yake kabla hajakunja kona. Na kichefuchefu kikamshika palepale. Kidonge akikimeza kitandani kilirudi na nyongo. Akakumbuka akili ya kukibeba. Akitembea mwendo wa nusu saa mpaka kiwandani tumbo hutulia, kwa hiyo alikimeza langoni kwa maji ya chupa, kama alivyofanya katika mimba ya pili, akavaa gauni jeupe na kofia ya nywele, akaingia kwenye mapipa. Halafu hakutia kitu mdomoni mpaka king'ora cha saa nne. Alijipongeza kimoyomoyo. Wenzake kliniki waliambiwa wasubiri saa moja na wengine hata hiyo iliwashinda. Yeye alisubiri nne.

Kipimo chenyewe kilikuwa namba moja tu. Ikiwa juu, mwili unalia njaa ya homoni. Ikishuka chini ya mbili na nusu, mama na mtoto wana raha. Wiki ya saba ilikuwa tisa. Daktari akaongeza dawa, kidonge kimoja kikawa kimoja na nusu. Wiki ya kumi na moja ilikuwa kumi na moja. Vikawa viwili.

Siku aliporudi na hiyo kumi na moja alimkuta mama mkwe amekuja kuwajulia hali. Mama huyu hakuwa mbaya, hilo nataka lieleweke. Alimletea kanga mbili mpya na akaosha vyombo vyote bila kuombwa. Lakini jioni aliketi naye ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono.

"Mwanangu, kama mtoto humtaki, niambie mimi. Sitamwambia mtu."

"Namtaka, mama."

"Basi dawa unapeleka wapi?"

Kuna swali likishaulizwa hivyo halina jibu. Ukilia umekiri, ukikasirika umekiri, ukinyamaza ndiyo kabisa. Bi Ulimi alinyamaza.

Tangu siku iliyofuata mume akaanza kumsindikiza. Watu wa mtaani walisifu mapenzi. Walipofika langoni alisimama mbele yake mikono nyuma, akamtazama akiweka vidonge viwili ulimini, akinywa maji, akimeza. Mlinzi wa lango alijifanya anasoma daftari lake la wageni, daftari ambalo saa hizo halikuwa na mgeni hata mmoja.

"Fungua mdomo," mume alisema.

Akafungua.

"Inua ulimi. Huo ulimi wako unajua mengi."

Akauinua. Pale, mbele ya mlinzi, mbele ya wafungashaji waliokuwa wakiingia na mabegi yao, mtu ambaye meneja alimwaga pipa zima kwa neno lake moja alisimama kinywa wazi kama mtoto anayetafutiwa peremende ya wizi. Wiki nne mfululizo. Hakumgombeza mumewe, na ukimuuliza kwa nini, sababu ni ya kusikitisha: alianza kumwamini. Alianza kufikiri pengine kweli kuna namna anavitupa bila kujijua. Akawa anajichunguza. Anapapasa mifuko ya gauni. Anatazama chini ya mto. Usiku mmoja alimwambia dada yake kwa simu, "Labda nina wazimu, dada. Labda nameza ndotoni."

Mwili nao haukumwonea huruma. Uso ulivimba, sauti ikawa nzito mpaka wafungashaji wakamtania kwamba anayeongea ni mumewe. Alicheka nao. Akaenda chooni akalia, akarudi akaonja pipa la kumi na mbili, akasema tayari.

Siku tatu mfululizo, wiki ya kumi na nne, alimeza viwili mbele ya mume, na mume akishapinda kona akaongeza viwili vingine. Alijua ni hatari. Alikuwa amefika mahali ambapo hatari ilikuwa na unafuu kuliko kungoja. Hakusikia tofauti yoyote. Angeweza kuwa anameza chaki. Ndipo akaogopa kweli, maana aliona kwamba hata kosa amelijaribu na halikumjibu.

Wiki ya kumi na tano namba ilikuwa kumi na nne.

Daktari alivua miwani. "Mama, tuongee kama watu wazima. Dozi hii ingemshusha hata tembo. Unameza saa ngapi?"

"Kumi na mbili kasorobo asubuhi."

"Tumbo tupu?"

"Tupu."

"Kwa maji?"

"Maji matupu."

"Unakaa muda gani ndiyo ule?"

"Masaa manne."

"Vidonge vya kuongeza damu?"

"Mchana. Mlisema nivitenganishe."

Daktari alimtazama. Kila jibu lilikuwa sahihi, na jibu sahihi mia kwa mia kwa mgonjwa ambaye damu yake inakataa, kwa daktari, lilinuka uongo uliokaririwa. Hakuwa mtu mwovu. Nje ya mlango wake walikuwa wamekaa wanawake arobaini. Akafungua faili, akaandika kwa kalamu nyekundu maneno mawili, Bi Ulimi akayasoma kichwa chini miguu juu: *Hatumii dawa.* Akampa karatasi aende chumba cha ushauri nasaha, mwisho wa korido.

"Bado wiki mbili," Bi Ulimi alisema.

"Wiki mbili za nini?"

Bi Ulimi alichukua karatasi, akainuka. Za kufika kumi na saba. Yeye ndiye aliyekuwa na hiyo kalenda, na hakuna mwingine aliyeisoma.

Chumba cha ushauri kilikuwa na meza, viti viwili na bango la mtoto mnene akicheka. Nyuma ya meza alikuwepo nesi mtu mzima, miguu ameitoa kwenye viatu, ndio kwanza anamimina chai ya maziwa kutoka kwenye chupa. Alisoma karatasi, akashusha pumzi ya mtu aliyeyasikia haya asubuhi hiyo mara sita.

"Karibu, mama. Kaa. Haya, niambie, ni nini kinakufanya usitumie dawa? Hapa hakuna anayekuhukumu."

Bi Ulimi alikaa. Alitaka kusema neno, badala yake machozi yakamtoka tu, bila kwikwi, kama bomba lisilofungwa vizuri. Nesi alimsogezea kitambaa, akainua kikombe chake anywe wakati akisubiri.

"Dada, usinywe hiyo chai," Bi Ulimi alisema kati ya machozi.

"Kwa nini?"

"Maziwa yake yanageuka. Yamechemshwa leo lakini ni ya juzi. Ukinywa, mpaka jioni utanikumbuka."

Nesi alinusa kikombe. Akaonja kwa ncha ya ulimi. Hakusikia kitu. "Umejuaje, na umekaa huko?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Kazi gani? Hapa wameandika mfanyakazi wa kiwanda."

"Naonja mtindi. Mapipa yakishaganda mimi ndiye nasema yafungashwe au bado."

"Unaonja vipi? Unatia mdomoni unatema?"

"Sisi hatutemi," alisema, na hapo, pamoja na machozi, sauti yake ilipata kifua kidogo. "Uchachu wa mwisho uko kooni. Nameza."

Nesi aliweka kikombe chini taratibu. "Unaonja saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Na dawa unameza saa ngapi?"

"Kasorobo. Langoni. Kichefuchefu..."

"Mapipa mangapi?"

"Kumi na manane."

Koridoni nje kulikuwa na mtu anaitwa jina mara tatu haitikii. Nesi alirudisha miguu kwenye viatu, kama vile habari hii haiwezi kusemwa peku.

"Mama," alisema, "maziwa yanaishika hiyo dawa. Ile chokaa iliyomo kwenye maziwa inaikamata tumboni, haiingii kwenye damu, inatoka kama ilivyoingia. Ndiyo maana tunasema tumbo tupu. Wewe unameza dawa, halafu unaimwagia nusu lita ya mtindi juu yake kila asubuhi."

"Waliniuliza nakula saa ngapi."

"Najua."

"Sili. Ile ni kazi. Kuonja si kula."

"Tumbo halijui hiyo ni kazi, mama."

Bi Ulimi alishika ukingo wa meza. Aliona mapipa yote kumi na manane, yanang'aa, yamepangwa, na kijiko chake. Hakuuliza alichotaka kuuliza, akauliza kingine.

"Niache kazi?"

"Ya nini? Hamisha dawa. Meza usiku unapoingia kulala, masaa matatu baada ya chakula, kwa maji. Asubuhi onja mapipa yako hata mia."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu."

Nimeambiwa na watu waliomjua kwamba neno hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Kama angeambiwa akatwe shingo tezi itolewe, angekubali siku hiyohiyo na angeona afadhali, maana ugonjwa uliomchukulia mtoto ungekuwa na ukubwa wake. Lakini kuhamisha kidonge kutoka asubuhi kwenda usiku, jambo ambalo mtu angeweza kulisema amesimama mlangoni!

Alipomweleza mumewe usiku ule, hakumweleza yote. Alisema tu kwamba saa zimebadilishwa. Mume aliandika saa mpya kwenye karatasi, akaibandika ukutani. Asubuhi hakumsindikiza tena, kwa kuwa langoni hapakuwa tena na cha kukagua.

Wiki ya kumi na saba ilikuja. Aliipita akiwa amelala chali kila alipopata nafasi, mikono juu ya tumbo, akigoma kwenda haja mpaka abanwe, kwa hofu ya kuona damu. Aliomba likizo siku tatu, mapipa yakaonjwa na meneja, na pakiti mia mbili zikarudishwa. Jumamosi ya wiki hiyo haikutokea damu. Jumapili haikutokea. Jumatatu alirudi kazini, na pipa la kwanza alilisimamia muda mrefu kijiko mkononi kabla ya kulionja. Kilikuwa kijiko kilekile. Alikiona kwa jicho jingine, na hakukipenda tena.

Wiki ya ishirini namba ilikuwa tano. Wiki ya ishirini na nne ilikuwa mbili.

Siku hiyo nesi mwenyewe ndiye aliyemwita ndani, akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Mbili, mama. Umesikia? Mbili. Na mapigo ya moyo ya mtoto safi kabisa." Alichukua kalamu, akafungua faili, akayakata yale maneno mekundu kwa mstari mmoja ulionyooka. Halafu akageuza ukurasa nyuma kutafuta tarehe, na mkono wake ukasimama. Yalikuwepo maneno mekundu mengine, ya mwaka juzi, mwandiko uleule.

Bi Ulimi alikuwa anamtazama. "Na hayo," alisema. "Hayo utayakata?"

Nesi aliisoma tarehe tena.

"Mwaka juzi pia nilimeza langoni. Kila siku. Halafu nikaingia kwenye mapipa."

"Mama, mimba hutoka kwa mambo mengi. Hakuna anayeweza kukuambia kwa hakika."

"Lakini inawezekana."

Nesi angeweza kudanganya. Wengine wangedanganya, na sina hakika kama ningewalaumu. "Inawezekana," alisema.

"Na huyu? Hizi wiki kumi na tano za mwanzo ameazima kwa nani?"

"Huyo tutamwona akizaliwa. Tutamwangalia akikua. Kwa sasa anapata." Akayakata na yale ya mwaka juzi, kwa mstari uleule ulionyooka, akafunga faili, akabaki ameliwekea kiganja juu.

Mumewe alikuwa anangoja juu ya ngazi, kofia mkononi. Alimwona anavyotoka, akasimama. "Ngapi?"

"Mbili."

Akacheka kwa sauti, mtu mzima yule, watu wakageuka. "Si nilikuambia? Ukizimeza kama unavyotakiwa..."

"Nilizimeza," alisema. "Hata za mwaka juzi nilizimeza zote." Na palepale juu ya ngazi, akiwa ameshikilia ukuta, akamweleza: mapipa, maziwa, kasorobo, kumi na mbili. Hakupandisha sauti. Alivyoeleza, ndivyo kicheko kilivyokuwa kikimtoka mwanamume usoni kidogo kidogo, mpaka akabaki na uso ambao mkewe hakuwahi kuuona. Alimtazama kinywa, akaangalia pembeni haraka.

Akanyoosha mkono amsaidie kushuka. Bi Ulimi aliuacha mkono ule hewani, muda wa kutosha kwa wote wawili kuuona. Kisha akaushika, kwa sababu ngazi zilikuwa zimepigwa deki muda si mrefu, na tumbo lilikuwa la miezi sita.